Kiatu cha theluji hujibu swali moja tu kati ya mawili

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba tembo mmoja alikwenda kunywa maji kwenye kijito, karibu na mahali tunapopaita Kikuyu leo, akakanyaga tope na tope likamshika. Kila alivyojikukurusha ndivyo alivyozidi kwenda chini. Waliomkuta wakasema amezama pale, Idodomya, na mji wetu ukabaki na jina hilo. Yaani sisi wa Dodoma tunaishi ndani ya neno linalohusu kuzama.

Hadithi hiyo imenirudia kichwani tangu Januari, siku mpwa wangu aliponitumia ujumbe wa sauti kutoka Kanada anakosoma. "Mbukwa mjomba," akaanza, halafu akaeleza. Usiku theluji ilikuwa imeanguka karibu sentimita 30. Asubuhi mbingu ilikuwa imetakata, jua linawaka, milima yote myeupe. Wenzake wa chuoni walitaka Jumamosi wapande mlimani wakiwa na viatu vya theluji, na yeye hajawahi hata kuvishika. Kwa kuwa mjomba wake ni mwalimu wa fizikia, akaona aniulize: vile viatu vinafanyaje kazi, na je, akivivaa atakuwa salama?

Nilianza kumjibu kama mtu anayejibu swali moja. Nikafika katikati nikafuta, kwa sababu niligundua maswali ni mawili na yamefungwa kamba moja. Swali la kwanza: theluji itanibeba? Swali la pili: mlima utaibeba theluji? Viatu vinajibu la kwanza, tena vizuri. La pili havilijui kabisa, na ndilo linaloua watu.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Hapa kwetu tunajua barafu: ya friji, ya vifuko wanayouza watoto barabarani, na mvua ya mawe inayopiga mabati Februari. Tukiona picha ya Kilimanjaro tunasema "barafu" kwa kila kilicho cheupe. Lakini theluji ni kitu kingine. Barafu ni maji yaliyoganda yakashikana. Theluji ni fuwele ndogo zenye matawi, zimejiunda huko huko mawinguni, zikashuka taratibu na kulaliana bila kubanana. Theluji mpya iliyoanguka kwenye baridi kali pasipo upepo mara nyingi huwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa mita moja ya ujazo, wakati maji ya ujazo huo huo ni kilo 1,000. Kwa hiyo unachokiona kama sakafu nyeupe, sehemu tisa kati ya kumi au zaidi ni hewa tupu.

Aliyewahi kuvuka mto wa mchanga kule Kondoa wakati wa kiangazi, jua likiwa utosini na mzigo mgongoni, ana mwanzo mzuri wa kuelewa kinachofuata. Unapiga hatua, mchanga unakimbia chini ya unyayo, unazama hadi kifundo, na nusu ya nguvu zako inaishia kujitoa badala ya kusonga mbele. Theluji mpya ni hivyo, ila kina chake ni kikubwa zaidi. Mtu mwenye buti za kawaida kwenye theluji laini ya mita moja anaweza kuzama hadi mapajani, na kwa kila hatua inabidi ainue goti hadi usawa wa tumbo. Baada ya mita mia mbili amekwisha.

Dawa yake ni somo la shule ya msingi: kanieneo, yaani kani ikigawanywa kwa eneo. Tuchukue mtu wa kilo 75 aliyebeba nguo nzito na begi, jumla kilo 85. Anapotembea kuna wakati anasimama kwa mguu mmoja tu, na soli ya buti inagusa chini kwa sentimita za mraba 250 hivi. Kila sentimita ya mraba inabeba gramu 340. Sasa mfungie chini ya buti kiatu cha theluji chenye urefu wa sentimita 76 na upana wa 23; ukiondoa kona zilizochongwa, eneo lake linafika kama sentimita za mraba 1,400. Uzito ni ule ule, lakini kila sentimita ya mraba sasa inabeba gramu 60 hivi. Mzigo kwa kila kipande cha theluji umepungua zaidi ya mara tano.

Hapa nilimsisitizia mpwa wangu jambo moja, maana picha za mitandaoni hudanganya. Viatu hivi havikufanyi uelee. Kwenye theluji iliyoanguka jana usiku bado utazama, pengine hadi juu ya kifundo, pengine hadi nusu ya muundi. Tofauti ni kwamba theluji iliyo chini ya kiatu inapata nafasi ya kubanana na kuwa jukwaa, badala ya kutobolewa kama uji. Ndiyo maana anayetangulia hupata kazi mara mbili ya wanaofuata: yeye anashindilia, wengine wanakanyaga alipokwisha shindilia. Makundi yenye uzoefu hupokezana nafasi ya mbele kila baada ya dakika kadhaa, kama tunavyopokezana jembe.

Ni ufundi wa kale sana. Mwaka 2003, kwenye milima ya Alpi upande wa Italia, juu ya mita 3,000, kilipatikana kiatu cha theluji kilichohifadhiwa na barafu, na vipimo vilionyesha kilitengenezwa kati ya mwaka 3800 na 3700 kabla ya Kristo. Huko Amerika ya Kaskazini wenyeji wa asili, Wakri na Waojibwe miongoni mwao, walikuza ufundi huo kwa namna nyingi: fremu ya mti uliokunjwa kwa mvuke, katikati ikafumwa kwa kamba za ngozi mbichi. Nilipomwonyesha dada yangu picha, alisema hicho ni kitanda cha kamba kilichotengenezewa mguu. Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Vya siku hizi vina fremu ya alumini au plastiki ngumu, kitambaa imara kisichopitisha maji, mikanda ya kufungia buti, na chini meno ya chuma ya kung'ata mahali penye barafu. Vidole hufungwa na kisigino huachwa huru, ili mguu uinuke kama kawaida huku mkia wa kiatu ukiburuzika nyuma.

Kutembea navyo kunajifunzwa kwa nusu saa. Miguu inatanuliwa kidogo ili kiatu kisikanyage mwenzake. Kurudi kinyumenyume hakuna, kwa sababu mkia unachoma theluji na wewe unakaa chini. Unageuka kwa kuzunguka duara dogo. Fimbo mbili zenye visahani mwishoni zinasaidia sana. Na usisogelee shina la msonobari mkubwa penye theluji nyingi, kwa kuwa matawi yake huzuia theluji isijae chini, na pembeni mwa shina hubaki shimo lililofunikwa juu juu.

Urahisi huo ndio unaonitia hofu. Anayetaka kuteleza mlimani kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, hulazimika kujifunza muda mrefu, na katika kujifunza hukutana na watu wanaomweleza habari za hatari. Kutembea kila mtu anajua. Mgeni anakodi viatu asubuhi, na saa mbili baadaye anaweza kuwa amefika mahali ambapo miguu yake pekee isingeweza kumfikisha: chini ya mteremko mkali uliobebeshwa mzigo mpya.

Neno hilo, mzigo, ndilo ufunguo wa swali la pili. Theluji ya usiku mmoja inaonekana nyepesi kama pamba, na kijiko chake kweli ni chepesi. Lakini fanya hesabu. Sentimita 30 za theluji ya kilo 100 kwa mita ya ujazo ni kilo 30 juu ya kila mita ya mraba. Mteremko wenye ukubwa wa uwanja wa mpira, mita 105 kwa 68, unapokea zaidi ya tani 214 kati ya magharibi na asubuhi. Hayo ni malori saba ya tani 30 yaliyoegeshwa ubavuni mwa mlima, na hakuna aliyeuliza kama ubavu huo unaweza kuyashika.

Na mzigo huo haukai juu ya mwamba. Unakaa juu ya theluji ya wiki iliyopita, iliyokaa juu ya ile ya mwezi uliopita, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina historia yake. Kuna lililopigwa na jua likayeyuka kidogo kisha likaganda na kuwa gome gumu, na kuna lililoshindiliwa na upepo. Baya zaidi ni lile lililokaa siku nyingi likiwa jembamba katika baridi kali: chini ardhi ina joto karibu na nyuzi sifuri, juu hewa ina baridi kali, na mvuke unaopanda katikati hugeuza fuwele zake kuwa chembe kubwa zisizoshikana, kama sukari ya mawe. Ukitaka kuliona jambo hili hapa Dodoma, chukua ubao, mwaga uwele juu yake utandae, weka ubao wa pili juu ya uwele, kisha inua upande mmoja polepole. Kwa muda hakuna kinachotokea. Halafu ubao wa juu unaondoka wote kwa pamoja.

Poromoko la theluji linaloua watu wa matembezi mara nyingi huwa la namna hiyo. Watu hudhani ni bonge linaloviringika na kukua kama kwenye vibonzo, kumbe ni bamba zima linalokatika. Tabaka dhaifu linavunjika chini ya uzito wa mtu mmoja, mpasuko unakimbia kila upande kuliko macho yanavyoweza kuufuata, na aliyeuanzisha anajikuta katikati ya sakafu inayosafiri. Katika muda mfupi mwendo wake unaweza kuzidi kilomita 100 kwa saa. Katika maporomoko yanayoua watu waliokwenda kutembea au kuteleza, takriban tisa kati ya kumi huanzishwa na mwathirika mwenyewe au mtu wa kundi lake. Mlima haukuwaangukia hivi hivi. Wao ndio waliokuwa chembe ya mwisho.

Watu wa kwetu wanaielewa hali ya mteremko uliozidiwa kuliko wanavyodhani. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliachia, na tope, mawe na magogo yakashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Tope si theluji, na maji yanavyolainisha mwamba dhaifu ni tofauti na fuwele zinavyokatika. Lakini ubavu wa mlima uliosimama miaka yote ulipata mzigo mpya ndani ya muda mfupi, na mahali padhaifu pakashindwa. Aliyesimama Katesh asubuhi ile hatahitaji maelezo marefu kuhusu kwa nini siku inayofuata dhoruba ni siku ya kuogopa mteremko, hata kama jua limetoka.

Maana jua hilo ndilo mtego. Hatari huwa kubwa zaidi wakati theluji inaanguka na katika saa 24 hadi 48 baada yake, kabla tabaka jipya halijatulia na kushikana na la chini. Saa hizo hizo ndizo zenye anga ya buluu, picha nzuri na hamu ya kutoka. Upepo nao huongeza. Sisi tunaoishi na upepo wa Dodoma kuanzia Juni tunajua vumbi linavyofagiliwa upande mmoja wa ukuta na kurundikana upande wa pili. Mlimani ni hivyo hivyo: upepo unaweza kuijaza theluji nyuma ya mgongo wa mlima haraka mara nyingi kuliko inavyoanguka kutoka mawinguni, na huiweka kama bamba gumu linalolia kama ngoma likikanyagwa.

Kitu cha kupima kuliko vyote ni mwinuko. Maporomoko mengi ya mabamba huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Chini ya hapo theluji kwa kawaida haina sababu ya kuondoka. Juu sana ya hapo huporomoka kidogo kidogo kabla haijarundikana. Kwa hiyo mtu asiye na mafunzo ana njia moja ya uhakika: abaki penye mwinuko mdogo. Lakini, na hapa ndipo wengi wanapokosea, haitoshi njia yako iwe tambarare. Inua macho. Kama juu yako kuna ubavu mkali, wewe umesimama mahali theluji itakapokuja kutua, na kukanyaga kwako huku chini kunaweza kuvunja tabaka dhaifu na mpasuko ukapanda hadi juu. Njia nyingi za kiangazi hupita salama chini ya korongo ambalo wakati wa baridi ni mkondo wa maporomoko. Angalia miti: ukikuta ukanda usio na miti mikubwa katikati ya msitu, au miti iliyonyang'anywa matawi upande unaotazama juu, ujue kuna kitu hupita hapo.

Mlima wenyewe nao husema. Ukiona mteremko wa jirani umeshaachia, basi wako unafanana nao. Ukiona ufa unakimbia kutoka kwenye kiatu chako, au ukasikia mngurumo mzito chini ya miguu kama mtu aliyekalia godoro kubwa, tabaka limeshavunjika na kilichokuokoa ni kwamba hapo ulipo si penye mwinuko. Unarudi kwa nyayo zako ulizojia. Na nyayo za watu waliotangulia zisikupe moyo: bamba linaweza kuwavumilia tisa likaondoka na wa kumi, aliyekanyaga pale lilipokuwa jembamba.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba huko aliko hahitaji kubahatisha. Wakati wa majira ya baridi shirika la Avalanche Canada hutoa taarifa ya hatari kila siku, mkoa kwa mkoa, kwa madaraja matano. La 1 ni hatari ndogo, la 5 ni ya kupindukia. La 3 ndilo la kulichunga zaidi, kwa kuwa liko katikati na watu hulisoma kama "wastani", wakati maana yake ni kwamba mtu anaweza kabisa kuanzisha poromoko. Vifo vingi hutokea katika daraja hilo.

Wanaoingia eneo la maporomoko hubeba vitu vitatu, kila mmoja vyake: redio ndogo ya kutafutana, fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji, na chepe. Redio hizo za kutafutana duniani kote hutumia masafa ya kilohezi 457, hivyo ya huyu husikika na ya yule. Haraka ni lazima. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 za kwanza, karibu tisa kati ya kumi huishi. Ikipita nusu saa, wanaoishi hushuka hadi kama theluthi moja. Theluji ikisimama hushikana kama zege, aliye ndani hawezi hata kusogeza mkono, na kikosi cha uokoaji kutoka mjini hakiwezi kuwahi. Wenzako ndio kikosi chako. Kwa hiyo kama kundi halina vifaa hivi au halijawahi kuvifanyia mazoezi, hakuna mjadala kuhusu mteremko, wanabaki bondeni.

Mengine ni mepesi zaidi ila yana nafasi yake. Hapa kwetu fulana ya pamba ni rafiki. Kule ni adui, maana hushika jasho, na jasho likipoa humwibia mtu joto lake. Ndani avae sufu au kitambaa cha polista, katikati kitu cha kushika joto, nje cha kuzuia upepo, na aanze safari akisikia baridi kidogo, kwa kuwa baada ya dakika kumi atakuwa anatoa mvuke. Miwani ya jua ni lazima, kwani theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga na macho huungua kabisa. Na saa! Mtoto aliyekulia Dodoma ana saa 12 za mchana ndani ya mifupa yake mwaka mzima. Kwenye milima ya Rocky katikati ya majira ya baridi mchana ni kama saa nane tu, na Desemba jua limezama kabla ya saa 11 jioni. Njia ambayo wakati wa kiangazi ni ya saa mbili, kwenye theluji mpya ahesabu nne.

Wapo watakaouliza, mbona wapagazi wetu wanafika mita 5,895 Kilimanjaro bila viatu hivi? Kule theluji ya njiani kwa kawaida si nene, jua la ikweta huilainisha mchana na baridi ya usiku huigandisha, na miguu ya watu wengi huishindilia. Shida yao ni kuteleza zaidi kuliko kuzama, na kwa hilo meno ya chuma chini ya buti yanatosha.

Ijumaa usiku mpwa wangu alipiga simu. Taarifa ilisema daraja la 4 sehemu za juu, na wenzake wawili walikuwa bado wanataka kwenda kwenye korongo walilolipanga. Aliwasomea. Walibishana, hatimaye wakachagua njia ya bondeni ndani ya msitu.

Jumapili picha ilifika. Nakiri kwamba sikuanza na uso wake. Nilikuza sehemu ya nyuma yake: misonobari minene pande zote, matawi yamejaa, na juu ya miti hakuna kitu ila anga. Ndipo nikarudi kwake, amesimama anacheka, theluji imemfika juu kidogo ya kifundo, na nyuma yake mstari wa alama pana za mviringo. Nikampelekea mama yake simu. Akaitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena.

"Amepita hapa na nyungo miguuni," akasema dada yangu, "na hajazama."